Mkunga Ajifunzie Wapi?

Waarabu wana methali isemayo kwamba mtu hujifunza kuumika katika vichwa vya mayatima. Maana yake haihitaji mkalimani. Kijana atakaye kuwa fundi wa kuumika hana budi kuchanja ngozi ya mtu, na chale zake za mwanzo zitakuwa mbovu. Sasa amwendee nani? Hamwendei mtoto wa tajiri, kwani baba yake atamshtaki. Hamwendei mtoto wa jirani, kwani mama yake atakuja kulia mlangoni. Humwendea yatima, ambaye hana wa kumlilia. Methali ni fupi, lakini imebeba swali zito ambalo kazi zote za mikono, na hasa kazi za kuponya, zimeulizwa tangu zamani: maadamu hakuna azaliwaye fundi, makosa ya mwanafunzi yamwangukie nani?

Katika makala haya twataka kulitazama swali hilo kwa upande wa ukunga. Huenda msomaji akashangaa kuona walimu wa lugha wakijitia katika mambo ya chumba cha kujifungulia. Tuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tuliingizwa humo na kazi yetu wenyewe, kama tutakavyoeleza hapo mbele. Ya pili ni kwamba swali hili ni letu pia, kwani hata sisi ualimu wetu tuliujifunzia katika vichwa vya watu.

Majibu ya zamani

Jibu la kwanza ni lile la vijijini mwetu. Mwanamke aliyekusudia kuwa mkunga alimfuata bibi yake au shangazi yake nyumba kwa nyumba. Alichemsha maji, alishika taa, alimfuta mama jasho, alikaa kimya akatazama. Miaka ilipita kabla hajaruhusiwa kumpokea mtoto kwa mikono yake. Masikioni mwetu neno mkunga liko karibu na neno kunga, yaani maarifa yasiyotangazwa barabarani. Na kwa hakika maarifa hayo yalipokezanwa chini kwa chini, mkono kwa mkono. Tena mwili aliojifunzia mwanafunzi ulikuwa wa mtu anayemjua. Kesho yake wangekutana kisimani, na mwaka ujao wangekutana harusini. Aibu na ujirani vilikuwa lijamu ya mkono wake.

Hata hivyo tusiyapambe mambo kuliko yalivyokuwa. Uzazi mwingi huenda salama hata mkunga asipofanya jambo kubwa. Lakini maafa yapo, na desturi ya maafa ni kutokea mara chache na kutokea ghafula. Mabega ya mtoto hukwama baada ya kichwa kutoka. Damu ya mama hukataa kukatika baada ya kondo la nyuma kutoka. Mtoto hutoka akiwa mlegevu, hapumui. Mwanafunzi aweza kuhudhuria uzazi mwingi asiyaone hata moja ya hayo. Na siku atakapoyaona, yatamkuta ana dakika chache tu za kutenda jambo ambalo hajapata kulitenda maishani mwake. Hapo ndipo desturi ya kutazama na kungoja inaposhindwa. Anayekutana na maafa kwa mara ya kwanza anajifunza juu ya roho ya mtu, atake asitake.

Jibu la pili ni la hospitali kubwa za Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Hospitali hizo zilileta elimu nyingi, lakini ziliijenga juu ya miili ya wale wasio na wa kuwalilia. Katika hospitali kuu ya Vienna, wanawake maskini walijifungua bila malipo, na bei yao ikawa ni kukubali kuwa somo la wanafunzi. Palikuwa na kliniki mbili: ya kwanza ya wanafunzi wa udaktari, ya pili ya wanafunzi wa ukunga. Mwaka 1846 katika kliniki ya kwanza walikufa zaidi ya wazazi 11 kwa kila 100, na katika ya pili hawakufika 3. Wanawake walijua jambo hilo kabla ya maprofesa kulikubali, wakawa wanasihi kwa machozi wasipelekwe kliniki ya kwanza. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba wanafunzi walitoka moja kwa moja katika kupasua maiti wakaja kuwashika wazazi, akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikapungua sana.

Miaka hiyo hiyo, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims alikuwa akitafuta njia ya kushona fistula, yaani lile tundu linalobaki baada ya uchungu wa muda mrefu, ambalo humfanya mwanamke avujwe na mkojo daima. Kati ya mwaka 1845 na 1849 aliwapasua mara nyingi wanawake waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara zipatazo 30. Njia ilipatikana, na imewaponya wengi. Sims alijengewa sanamu mjini New York, nayo ikawa imesimama katika bustani ya Central Park ilipoondolewa mwaka 2018. Hatusemi kwamba elimu ile haikuwa na faida. Twasema kwamba faida iliwaendea wengi, na uchungu ukalipwa na wanawake watatu na wenzao ambao hawakuwa na uwezo wa kusema hapana. Hao ndio mayatima wa methali.

Jibu la tatu

Jibu la tatu halikuanza jana, ingawa wengi wanadhani hivyo. Katikati ya karne ya 18 aliishi Ufaransa mkunga aliyeitwa Angélique du Coudray. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa idhini ya kuzunguka nchi akiwafundisha ukunga wanawake wa mashambani. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma, na muda wa kukaa nao ulikuwa mfupi. Kwa hiyo alitengeneza kitu alichokiita mashine: kiwiliwili cha mwanamke, toka kiunoni hadi mapajani, kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi, kikajazwa, na ndani yake pakawa na mifupa ya nyonga. Palikuwa na mtoto wa kitambaa, mwenye pua na masikio, na kinywa kilicho wazi chenye ulimi, ili mwanafunzi ajifunze kutia kidole kinywani mwa mtoto aliyetanguliza matako na kichwa chake kikakwama ndani. Mama huyu alisafiri kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1783, na wanawake aliowafundisha wanakadiriwa kufika 5,000. Sanamu yake moja ingalipo mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen.

Wajukuu wa sanamu hiyo ya kitambaa ndio mitambo ya siku hizi. Kampuni ya Gaumard ya Miami, Marekani, ilitengeneza roboti iitwayo Noelle, na baadaye, mwaka 2014, ikatoa nyingine iitwayo Victoria. Roboti hizi zimefanywa kwa umbo kamili la mwanamke. Hupumua, hupepesa macho, mapigo ya moyo husikika, damu ya bandia hutoka, na mtoto husukumwa nje kwa mota. Mkufunzi hukaa kando na kompyuta yake, na kwa kidole kimoja huamuru uchungu uzidi, au mabega yakwame, au mama apatwe na kifafa cha mimba. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola.

Iko sanamu nyingine isiyo na mota wala kompyuta, itengenezwayo na Laerdal ya Norway. Jina lake ni MamaNatalie. Hii haijitegemei. Mtu huivaa tumboni kama aproni kubwa, huketi kitandani, na kwa mikono yake iliyofichwa ndani humsukuma mtoto atoke, huachia damu ya bandia, hulegeza au hukaza mji wa uzazi. Tena yeye mwenyewe ndiye asemaye kwa niaba ya mama. Mwenzake mdogo ni NeoNatalie, mtoto anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto wa kweli, ambaye kifua chake huinuka pale tu mwanafunzi apulizapo hewa sawasawa.

Je, sanamu hizi zafaa kitu? Tusijibu kwa kubahatisha. Katika hospitali ya Southmead mjini Bristol, Uingereza, wakunga na madaktari walizoezwa kwa sanamu namna ya kumtoa mtoto ambaye mabega yake yamekwama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kabla ya mazoezi, watoto 9.3 kwa kila 100 waliopatwa na shida hiyo waliumia. Baada ya mazoezi, waliumia 2.3. Nchini Tanzania mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalifanywa katika hospitali 8, na taarifa ikachapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kwa watu ambao uzazi kwao ni jambo la hatari, hizo si hesabu za kuchezea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za mimba na uzazi, na katika kila 10, 7 walikuwa wa Afrika iliyo kusini ya Sahara.

Lakini yapo mafunzo mengine kutoka hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ambayo sisi walimu tunapaswa kuyashika zaidi. Mwanzoni wahudumu wa pale walipewa mafunzo ya siku moja tu. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, walifanya vizuri zaidi mbele ya sanamu. Lakini mbele ya watoto wa kweli utendaji wao ulikuwa ule ule wa zamani. Ndipo mpango ukabadilishwa. Sanamu ikawekwa pale pale wafanyiapo kazi, nao wakawa wakijizoeza dakika chache chache, mara kwa mara, mwaka mzima. Baada ya hapo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Sanamu ilikuwa ile ile na watu wale wale; kilichobadilika ni mazoea. Mwalimu yeyote aliyepata kuona darasa likikariri ngeli za majina siku ya Ijumaa na kuzisahau Jumatatu atalielewa jambo hili bila maelezo.

Siku tulipoitwa

Sasa tueleze lile lililotuingiza katika mambo haya. Miaka michache iliyopita chuo kimoja cha wakunga, kilicho magharibi ya Uganda, kilituomba walimu tukawafundishe wanafunzi wake Kiswahili cha kazi. Wazazi wengi wanaokuja huko ni wakimbizi kutoka Kongo, ambao lugha yao ya kukutana na watu ni Kiswahili cha kwao. Tulifikiri tutafundisha msamiati: uchungu, mlango wa uzazi, kitovu, kondo la nyuma. Tulifikiri pia tutaonya juu ya tofauti za lugha, kwa mfano kwamba Mkongo atasema mutoto na kuzala, na kwamba kwake bibi ni mke wala si nyanya.

Siku ya tatu mkunga mkuu, ambaye wote walimwita Sista, alitujia na sanamu ile ya kuvaa. Akasema, “Walimu, maneno yenu wameyaandika vizuri. Sasa mmoja wenu na ayavae.” Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Basi mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, akakubali. Akafungwa sanamu tumboni, akalala kitandani, na mwanafunzi mmoja akaitwa.

Binti yule alikuwa hodari. Alinawa mikono, akavaa glavu, akasikiliza moyo wa mtoto. Mwenzetu akaanza kupumua kwa shida, akasema kama wasemavyo wale wazazi, “Niko naogopa.” Binti hakujibu, macho yake yalikuwa katika kichwa cha mtoto. Mwenzetu akarudia, “Sista, niko naogopa.” Binti akasema kwa sauti kubwa, “Sukuma!” Mtoto akatoka, damu ikatoka, binti akasugua tumbo, damu ikakatika. Yote yalifanyika kwa utaratibu. Binti akageuka kwa furaha akasema, “Sista, tumefaulu.” Ndipo mwenzetu, angali amelala, akauliza kwa upole, “Na mimi je, binti yangu?”

Binti alisimama asijue la kusema. Hakika hakuwa mkatili. Alikuwa amesahau kwamba ndani ya ile sanamu mlikuwa na mtu.

Jioni ile, tulipokuwa njiani kurudi, mwenzetu alitusimulia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka mingi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika hospitali moja kubwa. Aliyemshughulikia alikuwa mwanafunzi, na hakuna aliyemwambia hivyo wala kumwomba ruhusa. Alitambua tu aliposikia, juu ya kichwa chake, mkubwa akimwambia yule kijana, “Jaribu tena.” Kijana akajaribu tena. Halafu, “Hapana, siyo hivyo. Jaribu tena.” Mwenzetu alituambia kwamba maumivu yenyewe ameyasahau, kama wazazi wasahauvyo. Maneno yale mawili hakuyasahau.

Tulinyamaza kwa muda mrefu. Sisi sote tunayasema maneno hayo kila siku darasani, na twayahesabu kuwa maneno ya upole kuliko yote aliyonayo mwalimu.

Hoja zinazopinga

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo ulipo moyo wa swali. “Jaribu tena” ni neno jema pale ambapo kosa halimwumizi mtu. Bila neno hilo hapana elimu. Lakini likisemwa juu ya mwili wa mwenye kuumia ambaye hakuulizwa, huwa neno la kumgeuza mtu kuwa ubao wa kuandikia. Faida ya kwanza ya sanamu, kabla ya hesabu zote tulizozitaja, ni hii: inatupa mahali pa kusema “jaribu tena” bila hatia.

Lakini ziko hoja zinazopinga, nazo hazifai kupuuzwa.

Kwanza husemwa kwamba kumfananisha mama na mtambo ni kumvunjia heshima. Hoja hii haituelekei sana. Mwalimu akichora ramani ya nchi ubaoni kisha akaifuta, hakuidharau nchi. Aliyemdharau mama ni yule aliyemfanya mama mwenyewe kuwa chombo cha mazoezi.

Pili husemwa kwamba mazoea yana taabu. Atakayezoea mwili usiosikia maumivu ataushika vivyo hivyo ule unaosikia. Atakayezoea kifo kinachofutwa kwa kubonyeza kidude atapoteza hofu ambayo ndiyo mwanzo wa uangalifu. Hoja hii ni nzito, na yule binti alikuwa shahidi wake. Lugha yetu nayo inatoa ushahidi. Kwa Kiswahili mama hujifungua, na mkunga humzalisha. Katika neno la kwanza mtendaji ni mama. Anayefungua na anayefunguliwa ni yeye yule. Katika neno la pili mtendaji ni mkunga. Sasa roboti, hata iwe ya fedha nyingi namna gani, yaweza kuzalishwa, lakini haiwezi kujifungua. Mwanafunzi aliyesomea roboti peke yake atayajua yote yaliyomo katika neno la pili, na hatajua hata herufi moja ya neno la kwanza.

Walakini twaona kwamba kosa hilo si la sanamu, bali ni la mwenye kufundisha. Sista alilijua jambo hilo kuliko sisi. Siku iliyofuata alimrudisha binti yule yule, na mwenzetu akavaa tena. Safari hii sharti lilikuwa moja: asimguse mama kabla ya kumweleza anataka kufanya nini, na kila neno la mama alijibu. Binti akaanza, “Shikamoo mama. Mimi naitwa fulani, bado najifunza, Sista yuko hapa pamoja nami. Naomba nikuguse tumbo.” Mtoto alipokuwa akitoka na mwenzetu akasema anaogopa, binti akashika mkono wake, akasema, “Najua mama. Tuko wote. Uchungu ukija, sukuma, ukiondoka, pumzika.” Kazi ya mikono haikuharibika hata kidogo. Tena tuliona kwamba sanamu hii rahisi, kwa kuwa haina sauti ila ya mtu, ilifundisha jambo hili vizuri kuliko mtambo wenye sauti iliyonaswa. Umaskini wa kifaa ulikuwa ndio utajiri wake.

Tatu, na hii ndiyo hoja tunayoiogopa zaidi, husemwa kwamba sanamu zitawafaa wenye nazo. Chuo cha tajiri kitanunua roboti, na chuo cha maskini kitaendelea kutumia wanawake maskini. Basi vichwa vya mayatima havitaondoka. Vitahamia tu upande ule ambako hakuna fedha. Hili laweza kutokea, na penginepo limekwisha kutokea. Tena fedha peke yake haitoshi kulizuia. Huko Marekani kwenyewe, nchi ya roboti hizo, imekuwapo desturi ya wanafunzi wa udaktari kujizoeza kuwapima wanawake nyonga wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa, bila wao kujua. Majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuikataza, na mwezi Aprili 2024 ndipo serikali kuu ilipotoa mwongozo kwamba hospitali lazima zipate idhini ya mgonjwa kwanza. Kwa hiyo kuwa na sanamu si sawa na kuwa na haki. Sanamu huondoa udhuru tu. Zamani mkufunzi aliweza kusema, “Hatuna mahali pengine pa kujifunzia.” Leo hawezi kusema hivyo, na asiye na udhuru, kosa lake huwa kubwa zaidi.

Deni lisilofutika

Tukiyapima haya yote, twafikia neno hili. Kila anayejifunza kazi ya kuwagusa watu ana wajibu wa kujifunza kwanza juu ya kisichoumia, kwa kadiri kiwezavyo kumfundisha. Asiyefanya hivyo huku anao uwezo, makosa yake ya mwanzo hayawi tena bahati mbaya, bali ni deni alilolichukua kwa mtu mwingine pasipo kumwuliza.

Lakini lazima tukiri kwamba deni hilo sanamu haiwezi kulifuta lote. Hata mwanafunzi akijizoeza mara 100, itakuja siku ya mama wa kwanza wa kweli, na mama huyo ataguswa na mikono ambayo haijapata kumgusa mzazi. Hapana ufundi wa kibinadamu utakaoiondoa siku hiyo. Tunachoweza ni kuamua namna ya kumlipa mama huyo. Anadai mambo matatu: aambiwe ukweli kwamba huyu anajifunza, aombwe ruhusa, na akikataa asikasirikiwe, na mjuzi awe kando yake mwanzo hadi mwisho. Akikubali kwa masharti hayo, basi si yatima tena wala si ubao. Ni mwalimu, na mwanafunzi anapaswa kumshukuru kama mwalimu.

Hapa ndipo tunapojirudia sisi wenyewe. Kila mwaka vyuo vya ualimu hupeleka vijana mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Wanafundishana kwanza wao kwa wao, mmoja mwalimu na wenzake wakijifanya watoto wa darasa la tatu. Wengi wetu tuliyaona mazoezi yale kuwa mchezo wa kuchekesha, tukayafanya ovyo. Kisha tukaenda kwenye madarasa ya kweli. Na aghalabu hatukupelekwa shule za watoto wa wakubwa. Tulipelekwa kule kwenye watoto 80 katika chumba kimoja, ambako mzazi hana muda wala ujasiri wa kuja kuuliza. Pale ndipo tulipokosea. Wako watoto ambao hadi leo wanaamini kuwa hawana kichwa cha lugha, kwa sababu tu siku moja sisi tulikuwa tukijifunza. Hakuna aliyetokwa damu, ndiyo maana hakuna aliyehesabu.

Hatuandiki haya ili tujitie huzuni. Twayaandika kwa sababu tangu siku ile ya chuo cha wakunga, baadhi yetu tumebadili jambo moja dogo. Kila tunapotaka kumwambia mwanafunzi “jaribu tena”, twajiuliza kwanza: kosa lake linamwangukia nani? Likimwangukia karatasi, au ubao, au sisi wenyewe, twasema bila wasiwasi, hata mara kumi. Likimwangukia mtu wa tatu, twasimama, twamgeukia mtu yule, twamwuliza.

Yule binti sasa ni mkunga kamili. Alituandikia barua kwa Kiswahili kizuri, yenye makosa mawili tu ya upatanisho wa sarufi, akaeleza kwamba mzazi wake wa kwanza alikuwa msichana wa Kongo ambaye hakusema ila neno moja, “Naogopa.” Hakutuambia habari zaidi, ila kwamba mama na mtoto walirudi nyumbani salama, na kwamba yeye alijibu.